Nani Alimfungulia Mjane?

Jumapili, 1 Machi 1998

Baada ya misa Padre alituita viongozi wa jumuiya sakristia. Alikuwa ameweka vikaratasi ndani ya kofia yake ya mvua. Kila mmoja achote mfano mmoja wa Yesu, akae nao Kwaresima yote na Pasaka yote mpaka Pentekoste, aandike kila unapomgusa katika shughuli zake. "Sitaki insha," alisema. "Niandikieni mnavyoishi."

Esther, katibu wetu, alipata kondoo aliyepotea, akafurahi kama aliyepewa kondoo mwenyewe. Nami nilikuwa nautamani huo huo. Nimepata mjane na hakimu.

Nimeusoma jioni maharage yakiwa jikoni. Ni mfupi mno. Hakimu hamwogopi Mungu wala hajali watu. Mjane anamwendea kila siku kudai haki yake. Hakimu anakataa weee, mwisho anampa kwa sababu amechoka kusumbuliwa. Basi. Hatuambiwi kesi ilikuwa ya nini, wala mjane alikuwa wa umri gani, wala alitoka mbali kiasi gani.

Nilimweleza mume wangu, Baba Fabian. Alikuwa anavua buti mlangoni. Akasema, "Afadhali umepata mwovu. Mtu mwema hana cha kuandikwa."

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Sijui niseme masika yameanza au zile za El Nino hazijaisha. Tangu mwaka jana ardhi haijapata kukauka.

Asubuhi alikuja Mama Digna. Jina lake Theopista, mjane wa marehemu mzee Ndelilio. Kihamba chao, shamba la urithi la migomba na kahawa, kiko mteremkoni chini ya nyumba mpya ya jirani yao Rogath. Alisimama barazani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, hakuutua mpaka Baba Fabian alipotoka na kumwamkia. Mume wangu, Remigius, ndiye mwenyekiti wa kijiji, kwa hiyo baraza letu halina siku ya kupumzika.

Shida yake ni maji. Rogath amesakafia uwanja wake wote kwa zege. Mkondo wa zamani, uliokuwa unapitisha maji ya mvua kando ya njia hadi korongoni, ameufukia ili lori lake lipate pa kuingilia. Sasa maji ya bati na ya uwanja yanaangukia kwa mama huyu.

"Yananila mimi na ardhi yangu, Mwenyekiti," alisema. "Nataka mkondo ufunguliwe."

Baba Fabian alisema atakwenda kuangalia.

Alhamisi, 5 Machi

Mama Digna amekuja tena. Baba Fabian kamwambia kesho.

Ijumaa, 6 Machi

Amekuja. Kaambiwa Jumatatu.

Jumatatu, 9 Machi

Amekuja. Nilikuwa namimina uji, mkono ukasimama wenyewe. Mjane. Kila asubuhi. Anadai haki yake. Mae! Kumbe Padre amenipa kusoma habari za baraza langu mwenyewe.

Lakini hapo hapo mfano unagoma. Mume wangu anamwogopa Mungu. Anaimba besi kwaya, hali mali ya mtu, na mwaka ule wa njaa aligawa mahindi ya kijiji mpaka sisi wenyewe tukakosa. Mtu wa namna hii hawi hakimu wa kwenye Injili.

Sababu ya kusita naijua, na sikuiandika siku zote hizi. Mwaka juzi mwanetu Fabian alipasuka kidole tumbo. Barabara ilikuwa matope matupu, hakuna gari lililokubali kupanda. Rogath alikuja na pikapu yake bila kuitwa, akateremka naye mpaka hospitali Moshi, na walipotaka damu akajilaza yeye. Fabian anasoma leo kidato cha tatu akiwa na damu ya Rogath. Kwa mtu kama huyo unakwenda na jembe kufukua geti?

Jumatano, 11 Machi

Jumuiya ilikutana kwa Esther. Nilimwuliza katekista Jovin, "Yule hakimu alikuwa na mke?"

Watu walicheka. Katekista naye alicheka, kisha akafungua Biblia yake akatazama kabisa. "Haisemi."

"Basi nani alikuwa anamfungulia mjane mlango? Hakimu mkubwa hafungui mwenyewe."

"Mama Fabian, fundisho lenyewe ni kusali bila kukata tamaa. Kama mtu mbaya anaweza kusikia mwishowe, Mungu aliye mwema atashindwaje? Mlango si fundisho."

Nimeelewa. Lakini mlango bado unanisumbua.

Jumamosi, 14 Machi

Amekuja. Mvua kubwa, maji yanamtiririka mgongoni. Nilimletea chai ya maziwa, kikombe cha bati ili kimpashe mikono. Hakukigusa.

"Kunywa mama, baridi hii."

"Asante, mwanangu. Nikinywa chai yako nitakuwa mgeni, na mgeni akishiba huaga. Mimi nimekuja kwa shida."

Nilirudi ndani nimeudhika. Nilijiambia ana kiburi. Chai niliinywa mimi.

Jumatano, 18 Machi

Amekuja. Jana pia, na juzi.

Jumapili, 22 Machi

Rogath alipita baada ya misa. Sina namna ya kumchukia mtu huyu. Anaingia nyumbani kwa kelele na kicheko, anamwamkia mama mkwe wangu kwa Kichagga kile cha zamani, anauliza Fabian kawa wa ngapi darasani. Ana duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, na lori lake linakwenda na kurudi Tarakea. Leo alisema mbele ya Padre kwamba kigango chetu hakitavuja masika mengine: atatoa bati za paa lote baada ya Pasaka. Akina mama walipiga vigelegele. Nami nilipiga.

Alipokuwa anaondoka Baba Fabian alimgusia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi, "Yule mama wa huko chini analalamika maji."

"Maji yanateremka, Baba Fabian. Mimi siyaamrishi." Akacheka, akapanda gari.

Jumatano, 25 Machi

Leo nimesema uongo. Baba Fabian alipomwona Mama Digna anakunja kona alinong'ona, "Mwambie sipo," akapitia mlango wa nyuma kwenye zizi.

Nilisimama mlangoni. "Shikamoo mama. Mwenyekiti hayupo."

"Marahaba." Alitazama chini. Buti za Baba Fabian zilikuwa pale pale kizingitini, zimeelekeza vidole nje. "Haya. Akirudi mwambie viatu vyake vimenipokea vizuri."

Aliondoka taratibu. Nyuma yangu nilisikia ng'ombe anapumua na mume wangu anapumua.

Sasa najua nani alikuwa anamfungulia mjane mlango.

Jumapili, 29 Machi

Nilimwuliza Padre kwa nini Yesu alichagua mtu mbaya awe mfano. Angeweza kusema mfalme mwema. Padre alisema huenda ni kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wanamjua hakimu wa namna ile kwa jina. Akaongeza, "Unaendeleaje na mjane wako?" Nilisema vizuri. Huo ni uongo wa pili.

Alhamisi, 2 Aprili

Amekuja. Naona sasa anachechemea.

Ijumaa Kuu, 10 Aprili

Njia ya Msalaba kwenye matope. Mama Digna alitembea nyuma kabisa na fimbo. Rogath alibeba msalaba kituo cha tano, na aliubeba kwa moyo, jasho lilimtoka. Niliwatazama wote wawili mpaka nikapoteza mahali tulipofika katika sala.

Pasaka, 12 Aprili

Nyama, machalari ya ndizi, pombe ya mbege kwa Rogath. Tulialikwa, tukaenda. Uwanja wake ni safi, hata mvua ikinyesha viatu havichafuki. Nilijikuta natazama maji yanavyokimbia juu ya zege kuelekea ukuta wa chini. Yanaingia kwenye matundu na kupotea. Ukiwa juu huoni yanakoangukia.

Alhamisi, 16 Aprili

Hakuja.

Ijumaa, 17 Aprili

Hakuja. Baba Fabian alikunywa uji akiwa amekaa, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Jumatatu, 20 Aprili

Hakuja. Nimechungulia njia mara ngapi sijui. Jambo la ajabu: wiki zote zile nilitamani asije, na sasa baraza linaonekana kama meza isiyo na mtu.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda kwake. Nataka kuandika kwa utaratibu, maana nimeona kitu ambacho sikukitegemea.

Nilipita kwanza mbele ya Rogath, penye geti na maua. Kisha nikateremka kwa njia ya majani iliyo upande wa pili wa ukuta. Katika miaka yote niliyoolewa hapa sikuwa nimepita huko tangu nyumba ile ijengwe. Sina kazi huko, na njia ya kwenda sokoni Mwika iko upande mwingine.

Kihamba cha mzee Ndelilio nilikikumbuka kuwa chenye kivuli, migomba mirefu na kahawa chini yake. Leo kimepasuka katikati. Chini ya yale matundu ya ukuta kuna mtaro mwekundu ambao mtu mzima angesimama ndani asionekane kichwa. Migomba imelala ndani yake kama walevi. Mingine imebaki juu ya mizizi mitupu, unaona mwanga chini yake. Masale, mimea yetu ya mpaka, yamekwenda na maji. Kaburi la mzee liko ukingoni, na saruji ya upande mmoja inaning'inia hewani. Jiko la Mama Digna liko nyuma ya kaburi hilo, si mbali.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, goti limevimba na amelifunga kanga. Pembeni yake kuna rundo la mawe. Alikuwa anayaokota moja moja anayatupa mtaroni.

"Mama, shikamoo. Mbona hukutuambia ni hivi?"

"Marahaba. Nilisema yananila."

"Nilidhani…"

"Mimi nilisema yananila, ninyi mkasikia yananilamba." Hakusema kwa hasira. Alitupa jiwe jingine.

Nilikaa chini nikamsaidia kutupa. Nilimwuliza Digna anajua? Digna, binti yake wa pekee, ameolewa huko chini kwenye mashamba ya miwa. Alisema Digna amemwita akakae naye, lakini akiondoka nani atasema ardhi hii ilikuwa na mwenyewe?

Nilikuwa na swali langu la siku nyingi, nikaona nisilirudishe nyumbani. "Mama, ulipokuwa unakuja kwetu kila siku, ulikuwa unasali?"

"Njiani. Nikifika kwenu nimeshamaliza na Mungu. Hapo inakuwa zamu ya mumeo."

"Na hukukata tamaa?"

"Nakata. Kila jioni nakata. Lakini asubuhi lazima nikakate majani, na majani yako njia ya kwenu."

Ndipo mvua ikaanza. Mara ya kwanza nilisikia mlio tu, kama lori linapanda mlima. Kisha yale matundu ya ukuta yalitapika yote kwa pamoja. Maji yalishuka mekundu, yakabeba mawe yetu yote kama punje za mahindi. Bonge la ukingo lilimeguka mbele yangu na mgomba wake, likaanguka polepole, bila hata kishindo kikubwa. Nilimshika Mama Digna mkono. Yeye alikuwa ametulia. Amezoea. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko maji.

Nilirudi nyumbani nimelowa mpaka mifupa. Baba Fabian alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Nilizima redio.

"Umekwenda kuona kule kwa Mama Digna?"

"Sijapata nafasi."

"Baba Fabian."

Aligusa redio, hakuiwasha. Kisha akasema jambo ambalo nitalikumbuka: "Nikienda kuona, nitalazimika kuamua. Nisipoona, ni maneno ya mama mzee tu."

Kwa hiyo alijua. Muda wote huu alijua hasa alichokuwa anakikwepa, kama mtu anayejua ngazi iliyooza iko wapi. Sijawahi kumwona mume wangu mdogo kiasi hicho, na sijawahi kumwelewa vizuri kiasi hicho. Hata mimi nilipita njia ya sokoni.

Alhamisi, 23 Aprili

Mama Digna hawezi kutembea. Basi nimekwenda badala yake.

Nilitoka mlango wa nyuma alfajiri nikakata majani, nikajitwisha, nikazunguka nyumba mpaka mbele. Nikasimama barazani kwangu. "Hodi!"

"Karibu," alisema ndani. Alitoka na kikombe mkononi, akanikuta. "Wewe? Unafanya nini nje?"

"Nimekuja kumwona Mwenyekiti. Shida ni ile ile ya Mama Digna. Anataka mkondo ufunguliwe."

"Mama Fabian, ingia ndani, mvua inakunyeshea."

"Nikiingia nitakuwa mke wako. Nimekuja kwa shida."

Alinitazama, akacheka, akaingia kunywa uji wake. Nilikaa kwenye benchi mpaka alipoondoka. Kisha nikaingia nikafanya kazi zangu kama kawaida. Mchana nilimpikia. Hatukuligusa jambo hilo.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimekwenda. Kacheka kidogo.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimekwenda. Hakucheka. Alisema, "Unajua Rogath ni nani kwetu." Nilisema, "Najua. Kila nikimwona Fabian nakumbuka. Lakini leo nimekuja kwa ajili ya mkondo." Aliondoka bila kula.

Mama mkwe kaniuliza kama nimerogwa.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimekwenda. Watu waliokuwa wanateremka sokoni walisimama kutazama. Baba Fabian alinisogelea akaongea akiuma meno, "Watu wanakuona."

"Hata yule wa kwenye Injili alionekana. Kama asingeonekana nani angemsimulia?"

Hatujawahi kugombana mbele za watu. Usiku huu tumelala tumepeana migongo, na mvua haijakatika.

Jumanne, 28 Aprili

Nilipozunguka na majani yangu nilimkuta ameshatoka. Ameshavaa buti. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu: jiko la Mama Digna limeanguka mtaroni. Yeye yuko salama, alikuwa nyumba kubwa. Mbuzi wake aliyekuwa amefungwa jikoni amekufa.

"Tua huo mzigo," Baba Fabian aliniambia. "Twende."

Tulifika pale. Alizunguka kaburi, akavua kofia, mvua ikimpiga kichwani. Alimtazama Mama Digna aliyekuwa anaokota masufuria kwenye tope. Alianza, "Mama…" Mama Digna akamsaidia: "Umefika, Mwenyekiti. Angalia vizuri, hapo unaposimama panateleza."

Kutoka hapo tulipanda moja kwa moja kwa Rogath. Alikuwa anafunga turubai la lori.

"Rogath, mkondo lazima ufunguliwe," Baba Fabian alisema. "Shuka nami uone. Jiko limekwenda, kaburi linafuata."

"Nampa pole. Nitampelekea bati za jiko jipya. Lakini geti langu silifukui, Baba Fabian. Lori litapita wapi?"

"Tutalaza makaravati chini ya geti. Lori litapita na maji yatapita. Shuka kwanza uone."

"Nina safari ya Tarakea." Kisha akaacha kamba, akamkazia macho. "Wewe ndiye wa kuniambia hivi? Damu yangu inatembea ndani ya mwanao."

Niliogopa atakachojibu mume wangu.

"Sijasahau. Ndiyo maana nimechelewa kufika hapa. Nimekuwa nakulipa kwa ardhi ya Mama Digna, na yeye hakupewa damu na mtu. Nitakushukuru mpaka nife, Rogath, lakini kwa cha kwangu."

Rogath hakucheka. Alipanda lori akaondoka, na turubai halijafungwa vizuri.

Njiani Baba Fabian alinishika mkono, jambo ambalo hafanyi barabarani. Mkono wake ulikuwa baridi kabisa.

Ijumaa, 1 Mei

Serikali ya kijiji imekaa. Wamekubaliana: msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, Jumamosi ijayo, mkondo ufunguliwe, makaravati yanunuliwe na kijiji ili geti libaki. Wawili walikataa. Baba Fabian amerudi amechoka lakini amekula sahani mbili.

Jumapili, 3 Mei

Rogath hakuja misa. Alituma neno kwa Padre: zile bati za kigango, wasizitegemee.

Jumamosi, 9 Mei

Msaragambo. Majembe, sururu, matope mpaka kwenye nyusi. Geti lilikuwa limefunguliwa kabla hatujafika; nani alifungua hatujui, na Rogath hakuonekana. Jioni mvua ilinyesha tukasimama wote kuangalia, kama watoto. Maji yalifika kwenye karavati, yakasita, yakazunguka na majani makavu, kisha yakaingia. Yakaelekea korongoni yalikokuwa yakienda tangu enzi za babu zetu. Chini, matundu ya ukuta yalidondosha tone moja moja tu.

Mama Digna alikuja na fimbo yake. Alisema asante mara moja tu, akarudi kupima ukingo wa kaburi.

Jumatano, 13 Mei

Jumuiya ilikutana kigangoni, kunavuja pande tatu. Esther alisema bila kunitazama, "Mjane mmoja amepata haki, na sisi wote tunanyeshewa." Wengine walikohoa kukubali.

Sisi akina mama tumeomba paa lile miaka. Nilihamisha kiti changu nikakaa mahali palipovuja zaidi, ili angalau Esther akae pakavu. Alikuja kukaa karibu yangu baadaye.

Jumapili, 17 Mei

Nilipokuwa naokota kuni nilimwona Rogath. Alikuwa amesimama chini ya ukuta wake mwenyewe, upande wa Mama Digna, na viatu vyake vya mjini vimezama. Alikuwa peke yake, anatazama ule mtaro. Alikaa muda mrefu. Aliponiona alipanda haraka, bila salamu.

Jumapili ya Pentekoste, 31 Mei

Leo tumesoma tulichoandika. Esther alisoma wa kwake vizuri sana. Kumbe kondoo wake ni dada yake aliyeko Dar asiyeandika barua. Hakuna aliyejua. Tulilia naye.

Mimi nilisoma habari ya buti kizingitini. Baba Fabian alikuwa ameniruhusu, na alikaa nyuma akivumilia vicheko. Padre akaniuliza, "Basi wewe ni nani katika mfano huu?"

"Mwanzoni nilidhani mimi ni msomaji tu, Padre. Kisha nikaona kuna mtu hatajwi: yule aliyefungua mlango akasema hakimu hayupo. Nadhani tuko wengi. Hakimu mmoja hawezi kumzuia mjane peke yake."

Hakuna aliyecheka hapo. Padre aliandika kitu kwenye daftari lake. Nikaona niulize lile lililobaki: "Siku ya pili yake, baada ya kupata haki, yule mjane alikwenda wapi asubuhi?"

Padre alifunga daftari lake. "Sijui, Mama Fabian. Kweli sijui."

Jumanne, 2 Juni

Mvua imekatika. Mlima umejitokeza mweupe mpaka mabegani.

Nilikutana na Mama Digna njiani na majani yake kichwani, goti limepona kiasi. Lakini hakuwa anaelekea nyumbani kwake. Alikuwa anapanda.

"Unakwenda wapi mama?"

"Kwa Rogath. Nakwenda kila asubuhi sasa."

"Kudai nini? Si mkondo umefunguliwa?"

"Haki nimepata," alisema. "Jirani bado."

Nilimfuata. Sikuweza kujizuia. Aliposimama getini hakugonga sana, mara mbili tu, akangoja. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku zote hakuna anayetoka, lakini anasikia nyayo zinakuja mpaka nyuma ya geti na kusimama.

Leo nyayo zilikuja, zikasimama, kisha komeo likalia. Alikuwa Rogath mwenyewe, hajanawa uso, amejifunga shuka. Alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Mama, umeshinda. Mkondo umepita. Unataka nini tena kwangu?"

"Sitaki kitu. Mtoto wa jirani yangu nimembeba mgongoni akiwa mdogo, sasa miezi inapita hajaniamkia. Nimeona labda ni mgonjwa."

Rogath alishika geti kwa mikono miwili. Nilidhani atalifunga. Alitazama ule mzigo wa majani kichwani kwake, akatazama chini, kwenye karavati ambamo maji kidogo yalikuwa yanapita yakitoa mlio.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Haya." Akageuka, akaanza kuteremka.

Nilimkimbilia, moyo unanidunda kama mimi ndiye niliyeamkiwa. Nilimwuliza kama kesho atakuja tena.

"Kesho siwezi," alisema. "Nina migomba ya kupanda, na shimo ni kubwa."